Stasi: namna wizara ya mafaili ilivyoendesha kazi zake

Wizara ya Usalama wa Taifa ya Ujerumani Mashariki, ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la Stasi, iliundwa tarehe 8 Februari 1950 na ikafa kabla haijatimiza miaka 40. Hakuna idara ya usalama ya serikali ya mabavu tunayoijua undani wake kama hii, na sababu ni moja: wananchi waliyawahi mafaili kabla hayajateketezwa yote. Nyingine tunazisoma kwa tetesi na kwa simulizi za waliotoroka. Hii tunaisoma kwa karatasi zake yenyewe.

Kwa kuzisoma karatasi hizo unagundua jambo ambalo sinema hazilisemi. Nguvu ya Stasi haikuwa bastola wala vinasa sauti. Ilikuwa masijala.

Tuanze na idadi. Mwaka 1989 wizara ilikuwa na waajiriwa karibu 91,000 katika nchi ya watu milioni 16.4, yaani mwajiriwa mmoja kwa kila watu 180. Juu yao kulikuwa na watoa habari wa siri karibu 189,000. Usidhani hao 91,000 wote walikuwa wakivizia watu vichochoroni. Zaidi ya 11,000 walikuwa askari wa kikosi cha ulinzi kilichoitwa Feliks Dzierzynski. Wengine walikuwa makarani, madereva, wapishi, mafundi, madaktari. Hata yule aliyekugongea muhuri kwenye pasipoti mpakani, ingawa alivaa sare za askari wa mpaka, alikuwa mtu wa wizara. Maofisa waliokaa uso kwa uso na watoa habari walikuwa sehemu ndogo tu ya jeshi hilo.

Makao makuu yalikuwa Normannenstrasse, eneo la Lichtenberg, Berlin Mashariki. Idara kuu zilipewa namba za Kirumi: II ilisaka majasusi wa kigeni, VIII ilifuatilia watu mitaani na kupekua nyumba, IX ilihoji watuhumiwa, XVIII ilishika uchumi, XIX usafiri na posta, XX makanisa, wasanii, waandishi na wapinzani. Idara M ilifungua barua. Idara 26 ilisikiliza simu na kutega vinasa sauti vyumbani. Chini ya makao makuu kulikuwa na ofisi 15 za mikoa, na ndani ya kila ofisi ya mkoa kuna kitengo chenye namba ileile: XX ya Leipzig inafuata utaalamu wa XX ya Berlin, huku ikimtii mkuu wake wa mkoa. Chini zaidi ofisi za wilaya, 209, ambazo ndizo zilizojua nani kagombana na nani.

Ujasusi wa nje ulikuwa na kurugenzi yake, HVA, iliyoongozwa na Markus Wolf kwa zaidi ya miaka 30, hadi 1986. Mtu wao maarufu kuliko wote, Günter Guillaume, alikuwa msaidizi wa Willy Brandt, Kansela wa Ujerumani Magharibi. Alikamatwa Aprili 1974 na mwezi uliofuata Brandt akajiuzulu. Hicho ndicho kisa kinachopendwa, lakini kwa anayetaka kujua wizara ilivyoishi ni pembeni tu. Mzigo wenyewe ulikuwa ndani ya nchi.

Na juu ya yote kulikuwa na chama tawala cha kikomunisti, SED. Wizara ilijiita ngao na upanga wa chama, na haikuwa mbwembwe. Haikupaswa kuwachunguza viongozi wa chama. Kazi yake ilikuwa kuwatumikia. Erich Mielke, aliyekuwa waziri tangu 1957 hadi 1989, aliingia Politburo, kamati ya juu kabisa ya chama, kama mjumbe kamili mwaka 1976. Ila huyohuyo alihifadhi kwenye kasiki lake sanduku jekundu lenye nyaraka za siku ambazo Erich Honecker, kiongozi wa chama na bosi wake, alikuwa mfungwa wa Wanazi. Katika serikali za namna hii hata ngao huwa na akiba yake.

Sasa masijala, ambayo ndiyo moyo wa kitu chote. Kulikuwa na kabati mbili kuu za kadi. Ya kwanza iliitwa F16: kadi yenye jina halisi la mtu, tarehe na mahali alipozaliwa, anwani, na namba ya usajili. Zilipangwa kwa matamshi, si kwa herufi, kwa hiyo Meier, Maier na Mayer walikaa pamoja na karani hakuhangaika na tahajia. Kadi ya F16 haikusema huyu mtu anachunguzwa au ni mtoa habari. Ya pili, F22, ilipangwa kwa namba za usajili: aina ya jalada, jina la bandia, ofisa anayehusika na kitengo chake. Jina halisi halimo. Aliyeshika kadi moja tu hakuambulia kitu. Ili ujue kwamba mtoa habari fulani ni jirani yako, lazima uwe na kadi zote mbili, na waliozigusa zote mbili walikuwa wachache.

Utaratibu wa kila siku ulikuwa hivi. Ofisa wa wilaya anapata jina. Kabla ya hatua yoyote anajaza fomu ya ukaguzi, inakwenda masijala, inarudi na jibu: hajasajiliwa, au amesajiliwa na kitengo fulani. Ikiwa amesajiliwa, ofisa wetu haruhusiwi kumgusa bila kuzungumza na mwenye jalada. Kanuni hiyo ilizuia maofisa wawili kumwandama mtu mmoja bila kujuana, au mmoja kumkamata mtoa habari wa mwenzake. Hizo taratibu zinachosha kuzisimulia, lakini ukiziondoa wizara inabaki kundi la wambea wenye mishahara.

Mtoa habari hakupatikana kwa kuitwa na kutishwa tu, kama wengi wanavyodhani. Wengi walikubali kwa imani ya kisiasa, kwa kujiona wa maana, au kwa kutaka mambo yao ya kazi na masomo yaende. Waliolazimishwa kwa siri zao chafu walikuwa wachache, na maofisa wenyewe hawakuwaamini sana. Kwanza ofisa anaangalia anamhitaji nani: si mtu mzuri kwa jumla, bali mtu ambaye tayari amekaa pale habari ilipo, mathalani mwimbaji wa kwaya ya kanisa fulani. Pili anamchunguza kimyakimya: ndoa, madeni, marafiki, ulevi. Tatu anatafuta kisingizio cha kukutana naye. Nne anaandika pendekezo kwa mkuu wake, likieleza atamwambia nini na akikataa itakuwaje. Ndipo mazungumzo ya kumwajiri yanafanyika, na mara nyingi mhusika huandika kwa mkono wake hati ya ahadi na kuchagua mwenyewe jina la bandia.

Hapo palikuwa na tundu ambalo wizara haikuweza kuliziba. Mtu aliyefuatwa akaenda kesho yake kuwasimulia wenzake kazini kwamba jana alifuatwa na Stasi, jalada lake lilifungwa. Alishajianika, hafai tena. Njia ya kukataa iliyokuwa rahisi kuliko zote ilikuwa kupayuka, na waliojua hilo waliitumia.

Aliyekubali alikutana na ofisa wake kwenye nyumba ya siri. Mara nyingi ilikuwa chumba katika nyumba ya raia wa kawaida aliyeaminika, ambaye siku hiyo hutoka kidogo na hulipwa kiasi cha kufidia kodi au umeme. Baada ya kukutana, ofisa anaandika ripoti: saa ngapi, wapi, kaleta nini, habari ni ya kuaminika kiasi gani, kapewa kazi gani, watakutana lini tena. Kisha nakala zinasambazwa, kila jina lililotajwa likienda kwenye jalada lake. Mazungumzo ya saa moja yangeweza kulisha mafaili matano.

Msomaji wa Tanzania hapa atamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Wajerumani Mashariki nao walikuwa na kitu kinachofanana naye: kila jengo la makazi lilikuwa na kitabu cha kuandikisha wageni, na mshika kitabu alijulikana na kila mpangaji. Mtoa habari ni mtu mwingine kabisa. Sumu yake ilitokana na kutojulikana. Mwanasiasa Vera Lengsfeld, aliyekuwa mpinzani wa serikali, aligundua baada ya mafaili kufunguliwa kwamba aliyekuwa akiandika habari zake kwa jina la Donald ni mumewe.

Idara M ilijificha ndani ya vituo vya posta vya kupangia barua, nyuma ya milango ambayo wafanyakazi wa posta hawakuruhusiwa kuingia. Barua zilichujwa kwa orodha za anwani na kwa mwandiko. Wenye uzoefu waliutambua mwandiko wa mtu waliyemfuatilia hata kama hakuandika jina. Bahasha ilifunguliwa kwa mvuke, ikapigwa picha, ikagundishwa upya. Shida ni kwamba karatasi iliyopata mvuke hujikunja, kwa hiyo ilibidi ikaushwe na kubanwa, na yote yafanyike haraka ili barua isichelewe kiasi cha mtu kushtuka. Iliyoharibika ilipotea tu njiani. Noti za mark za Magharibi zilizokutwa ndani zilichukuliwa.

Kuna kitu kimoja nisingekiamini kama kisingekuwa kinaonyeshwa hadi leo makumbusho: mitungi ya vioo ya kuhifadhia matunda, yenye mifuniko ya kubana, ndani yake kitambaa cha njano cha kufutia vumbi. Ni harufu za watu. Mtu anaitwa kuhojiwa, anakaa kwenye kiti, na kitambaa kimewekwa kwenye kalio la kiti. Akiondoka, kitambaa kinaingizwa mtungini na kubandikwa jina. Ikiokotwa karatasi ya uchochezi, mbwa analetwa kulinganisha.

Kwa mpinzani aliyeshindikana, wizara ilifungua jalada la operesheni. Hadi miaka ya 1960 mwisho wake mara nyingi ulikuwa jela. Lakini Ujerumani Mashariki iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1973, ikatia saini makubaliano ya Helsinki, yaliyogusa haki za binadamu, mwaka 1975, na ikahitaji mikopo ya Magharibi. Kukamata watu hovyo kukawa aibu. Mwongozo namba 1/76 wa Januari 1976 ukaweka kwa maandishi kile walichokiita Zersetzung, kumbomoa mtu bila kumgusa: kumchafulia jina kwa kuchanganya ukweli na uongo usiokanushika, kumfelisha kazini hatua kwa hatua hadi ajishuku, kupandikiza wivu na shaka ndani ya kikundi chake. Zilitumwa barua zisizo na jina. Yaliagizwa mafundi na bidhaa kwa jina la mlengwa. Watu waliingia nyumbani kwake wakati hayupo, wakahamisha vitu vidogo, wakaondoka. Ukilalamika, nani atakuamini kwamba serikali imekuja kuhamisha taulo zako? Kwa maoni yangu huo ndio ukatili mkubwa kuliko wote walioubuni, maana haukuacha kovu la kuonyesha mahakamani.

Jela ya mahabusu ya Hohenschönhausen ilifuata mantiki hiyohiyo. Haikuwekwa kwenye ramani za mji. Mahabusu walipelekwa ndani ya gari dogo lisilo na madirisha, lililopakwa maandishi ya biashara kama duka la samaki, likizungukazunguka ili wasijue wako wapi. Ndani, taa za rangi kwenye korido zilihakikisha mahabusu wawili hawakutani. Usiku lala chali, mikono juu ya blanketi. Mtu pekee wa kuzungumza naye kwa wiki nyingi ni anayekuhoji, na hapo ndipo ulimi hulegea.

Ujuzi huu haukubaki Ulaya. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mara tu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka huohuo Markus Wolf mwenyewe alifika visiwani, na washauri wa Stasi wakasaidia kujenga idara ya usalama ya huko. Watu wengi wanaonyesha magorofa ya Wajerumani ya Kikwajuni na Michenzani; msaada huu mwingine hauna jengo la kupigia picha. Baadaye walikwenda pia Ethiopia na Yemen ya Kusini.

Je, ilifanikiwa? Tarehe 1 Juni 1989 wizara iliwaandikia viongozi kwamba kuna vikundi vya upinzani karibu 160 vyenye watu wapatao 2,500. Waliwajua, na ndani ya vingi walikuwa na watu wao. Walichokosa ni hesabu ya waliokaa kimya. Mtoa habari huripoti alichoagizwa kuripoti, ofisa anahitaji kutimiza mpango wake wa mwaka, mkuu wa ofisi ya mkoa hataki kumkera waziri, na kila ngazi inapunguza ukali kidogo. Tarehe 31 Agosti Mielke aliwauliza wakuu wa ofisi zake za mikoa kama kesho kutatokea uasi wa umma kama wa 17 Juni 1953. Mkuu wa ofisi ya mkoa wa Gera akajibu kwamba kesho haitokei, kwa kuwa wao wapo kwa ajili hiyo. Siku 39 baadaye, tarehe 9 Oktoba, watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig. Wizara ilikuwa na jalada la nani ni adui, haikuwa na jalada la umma mzima kuchoka.

Uchomaji na uchanaji ulianza vuli hiyo. Mashine za kuchana zilizidiwa na joto, maofisa wakaendelea kwa mikono. Tarehe 4 Desemba wananchi wa Erfurt waliikalia ofisi ya mkoa, na tarehe 15 Januari 1990 umati uliingia Normannenstrasse. HVA iliachiwa ijivunje yenyewe, nayo ikateketeza karibu kila kitu chake. Yaliyookolewa ni kilomita 111 za mafaili na magunia zaidi ya 15,000 ya karatasi zilizochanwa, ambazo tangu 1995 zimekuwa zikiunganishwa kipande kwa kipande. Sheria ya Desemba 1991 ilimpa kila mtu haki ya kusoma faili lake, na tangu 2021 yote yako chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho. Unajaza ombi ukiambatanisha uthibitisho wa kitambulisho, na kusubiri huweza kuchukua muda mrefu. Majina ya watu wengine yasiyohusika hufichwa kwa wino mweusi. Majina halisi ya waliokuripoti unaweza kuyaomba, na karani akiweza kuwatambua kwa kulinganisha kabati zilezile mbili, unapewa.