Grisi ya risasi kwenye Springfield ya 1873

Springfield ya 1873, ile bunduki ya jeshi la Marekani yenye mlango wa kufunuka juu, ikikupa matundu matatu ya kwanza kwenye shabaha yamekaa pamoja kisha la nne na la tano yakaenda yanakojua yenyewe, usianze kumlaumu mpigaji. Tazama mdomo wa mtutu kabla haujapoa. Pakiwa pakavu, na masizi yameganda kijivu, grisi iliyopakwa kichwa cha risasi iliisha kabla hakijatoka.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kitu kigumu, hasa chumvi za potasiamu. Ganda la .45-70, ndilo la bunduki hii, lilibeba greni 70, yaani gramu 4.5 hivi, kwa hiyo kila mlio huacha masizi ya kutosha ndani. Yakiwa laini, kichwa kinachofuata huyasukuma nje. Yakikauka hukwaruza madini laini ya risasi, na kila kichwa hupita kwenye mtutu ulio tofauti na ule wa mwenzake. Ndiyo maana utelezi si hoja kubwa hapa. Grisi inatakiwa kuyaacha masizi katika hali ileile, mlio baada ya mlio.

Hapo ndipo wengi hukosea kununua. Mchanganyiko wa nusu nta ya nyuki na nusu Alox 2138F, kilainishi cha kiwandani, unasifiwa, na kwa baruti isiyo na moshi unastahili sifa hizo. Lakini Alox inatokana na petroli (mafuta ghafi ya ardhini), na mafuta ya petroli yakikutana na masizi ya baruti nyeusi huelekea kuwa kama lami. Mchanganyiko unaoifaa bunduki hii kongwe ni ule Wamarekani wanaouita Emmert: nta gramu 100, mafuta magumu ya mimea ya kupikia (jamii ya Kimbo) gramu 80, mafuta ya kanola gramu 20. Yasiwe na chumvi, maana chumvi ni kutu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo weka chombo ndani ya sufuria ya maji moto. Moto wa moja kwa moja huiunguza. Nta iwe halisi ya nyuki. Mishumaa ya dukani kwa kawaida ni nta ya parafini, tena petroli ileile. Kwenye joto kali ongeza nta kidogo, kwenye baridi ongeza kanola. Ikipoa, ibonyeze kwa kidole: ibonyee bila kumeguka.

Kupaka si kazi ngumu. Simamisha vichwa kwenye trei, kitako chini, mwaga grisi ya moto mpaka ifunike mfereji wa juu kabisa kati ya ile inayozunguka kichwa, kisha subiri ishike bila kuwa ngumu. Chukua ganda la .45-70 lililokatwa kitako, lishushe juu ya kila kichwa na ukisukume kitokee upande wa pili. Mifereji itatoka imejaa sawasawa, na huo usawa ndio unaoonekana kwenye shabaha. Kitako ukifute kabisa, kisha weka kadi ya milimita 1.5 kati yake na baruti. Baruti iliyolowa grisi hupoteza nguvu, na matundu hushuka chini.

Lakini grisi haiponyi kichwa chembamba. Kipimo cha kitabuni cha upana wa ndani ya mtutu, kutoka mfereji hadi mfereji, ni milimita 11.63, ila mitutu mingi ya zamani ni mipana zaidi. Pitisha kipande cha madini laini ya risasi mtutuni, kipime kwa maikromita, kisha tumia kichwa kinachozidi hapo kwa milimita 0.025 hadi 0.05, cha bati sehemu 1 kwa madini ya risasi sehemu 16 au 20. Madini ya risasi yakiganda karibu na chemba (sehemu ya mtutu linapokaa ganda), gesi inavuja pembeni: kichwa ni chembamba. Yakiganda sentimita chache kutoka mdomoni, grisi ilikwisha njiani. Watu huchanganya hivi viwili na kubadilisha grisi mwezi mzima bure.

Unachotaka kuona ni nyota ya grisi laini mdomoni, yenye alama za mifereji mitatu ya mtutu huu. Isipotokea, tafuta kichwa chenye mifereji mikubwa zaidi ya kubeba grisi. Hewa ikiwa kavu, kila baada ya mlio fungua mlango, hakikisha chemba ni tupu, chomeka ganda tupu lililounganishwa na mrija wa mpira kitakoni na upulize pumzi tatu hadi tano za polepole. Unyevu wa pumzi hulainisha masizi. Kitambaa chenye maji kidogo nacho kinafaa, mradi kifuatwe na kingine kikavu kabla ya risasi inayofuata.

Ukibadilisha grisi, safisha mtutu mpaka chuma kitupu, ondoa mafuta ya kuhifadhia, kisha piga mbili za kuuchafua. Hizo usizihesabu.