XML inayorudi ikiwa imejaa &lt; na &gt;

Nani asiyejua ule msururu wa &lt; na &gt; unaoonekana pale ambapo ulitarajia kuona tagi za XML, yaani alama kama <bei> zinazofungua na kufunga kila kipande cha data? Hapa Kisumu vijana wanaoandika programu za vyama vya ushirika na vikundi vya wavuvi huniuliza jambo hili mara kwa mara. Wa karibuni zaidi alikuwa na huduma ya wavuti, iliyoandikwa kwa ASMX ya .NET (mfumo wa zamani wa Microsoft wa kuandika huduma za wavuti), inayotoa bei za samaki katika fuo za ziwa. Jibu lake lilikuwa hivi:

<string xmlns="http://tempuri.org/">&lt;bei&gt;&lt;samaki&gt;mbuta&lt;/samaki&gt;&lt;/bei&gt;</string>

Alikuwa ameshaamua kwamba seva ina kasoro, naye alitaka kujua ni wapi pa kuizima tabia hiyo. Seva haina kasoro yoyote. Methodi ya kijana huyo, yaani kipande cha programu kinachotoa jibu, ilitangaza kwamba inarudisha string, yaani maandishi matupu, na seva ikayachukua maandishi hayo ikayatia ndani ya elementi moja, yaani kati ya tagi ya kufungua na ya kufunga. Kwa kuwa ndani ya elementi alama ya < daima humaanisha kwamba tagi inaanza, ilibidi kila < igeuzwe kuwa &lt; ili anayepokea ayapate maandishi yale yale yaliyotumwa, herufi kwa herufi. Hiyo ni kanuni ya XML 1.0 tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoidhinisha kiwango hicho mwezi wa Februari 1998: alama za < na & haziruhusiwi kukaa zenyewe katika maandishi ya elementi, na kiwango hicho kinatambua entiti (majina yanayosimama badala ya alama) tano zilizo tayari kwa matumizi, nazo ni &lt;, &gt;, &amp;, &apos; na &quot;. (Wanaohofia ritifaa, ile alama ya ' iliyo katika ng'ombe au katika jina la mahali kama Ng'iya, wasiwe na wasiwasi. Ritifaa inahitaji kugeuzwa tu inapokuwa ndani ya thamani ya sifa iliyozungushiwa ritifaa nyingine. Katika maandishi ya kawaida inapita salama.)

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni Replace, amri ya kubadilisha maandishi fulani kuwa mengine. Wanaandika mstari mmoja ndani ya methodi, kabla ya return, unaobadilisha &lt; kuwa < na &gt; kuwa >, kisha wanashangaa kwamba jibu halijabadilika hata kidogo. Lingebadilikaje, ilhali seva huzigeuza alama baada ya methodi kumaliza kazi yake? Ubaya ni kwamba mstari huo haukosi kazi kabisa. Chukua ujumbe ambao afisa wa ufuo ameuandika kuhusu mbuta wadogo, kwa kuwa wale wasiofika sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa:

<maelezo>Mbuta &lt; sm 50 wasipokelewe</maelezo>

Hapa &lt; ni data halali; afisa mwenyewe aliandika alama ya "chini ya". Replace ikipita juu yake, inabaki < iliyo uchi katikati ya sentensi, na hati nzima inakoma kuwa XML sahihi. Kwa maneno mengine, mstari huo hauzigusi alama zinazomkera mwandishi wa programu, ila unaziharibu zile ambazo hazikupaswa kuguswa, na hitilafu yenyewe haionekani mpaka siku ambayo mtu ataandika < au & katika maelezo. Jina la kibanda kinachojiita "Kuku & Samaki" linatosha kuuangusha mfumo, iwapo Replace imeongezewa &amp;.

Wapo pia wanaopendekeza CDATA, sehemu ya XML ambayo ndani yake alama hazihitaji kugeuzwa. Kwangu mimi hiyo ni kuhama chumba bila kuhama nyumba: anayepokea bado anapata maandishi, si matawi ya XML (elementi zilizo ndani ya elementi), na sehemu ya CDATA hufungwa pindi inapokutana na ]]>, kwa hiyo hati ya ndani ikiwa na CDATA yake yenyewe mambo yanavurugika tena.

Jibu sahihi ni kuacha kuiambia seva kwamba unarudisha maandishi. Ukiwa na hati ya XML, rudisha hati ya XML. Katika ASMX inatosha kubadilisha aina ya kinachorudishwa:

[WebMethod]
public XmlElement BeiZaSamaki()
{
    XmlDocument hati = new XmlDocument();
    hati.LoadXml(maandishi);
    return hati.DocumentElement;
}

Seva ikipokea XmlElement inajua kwamba tagi zilizomo ni tagi kweli, nayo inaziandika jinsi zilivyo. LoadXml ina faida nyingine ambayo mimi naithamini zaidi: ikiwa maandishi yana < iliyo uchi, hitilafu inajitokeza hapo hapo kwenye seva yako, badala ya kwenye simu ya mvuvi. Kurudisha DocumentElement badala ya maandishi yote pia kunaliacha nje tamko la <?xml ...?>, ambalo haliruhusiwi kuwa mahali popote isipokuwa mwanzoni kabisa mwa hati. Katika WCF, mfumo wa .NET uliofuata ASMX, XElement hufanya kazi hiyo hiyo.

Ikiwa hutumii SOAP, utaratibu wa kutia ujumbe ndani ya bahasha ya XML, bali unajibu maombi ya kawaida ya HTTP, mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu hakuna bahasha ya kuzungushia jibu. Katika ASP.NET Core rudisha Content(maandishi, "application/xml"), na katika JAX-RS, mfumo wa Java wa huduma za wavuti, iwekee methodi @Produces("application/xml") kisha urudishe String; katika hali zote mbili maandishi hutoka yalivyo. Usiisahau hiyo application/xml. Jibu likitoka kwa jina la text/html, kivinjari kitazichukua tagi zako kuwa za HTML kisizozijua na kuzificha, nawe utabaki ukiona neno "mbuta" peke yake kwenye ukurasa mweupe. Hii ndiyo sababu napendelea kulitazama jibu kwa curl, programu inayoonyesha jibu la seva lilivyo bila kivinjari, kabla ya kuanza kubishana na mtu kuhusu kilichotumwa.

Mtego mmoja wa .NET unastahili kutajwa. Ukiitengeneza XML kupitia StringWriter, chombo cha .NET cha kuandika ndani ya stringi, tamko la juu litaandika encoding="utf-16" (namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti), kwa kuwa ndivyo stringi za .NET zilivyohifadhiwa kwenye kumbukumbu, ilhali jibu husafiri kwa kawaida kama UTF-8. Vichanganuzi vingine vya XML, yaani programu zinazoisoma, hulifumbia macho jambo hilo, vingine hulikataa jibu zima. Andika kupitia MemoryStream (chombo cha .NET kinachohifadhi baiti) na UTF-8, au liondoe tamko kabisa.

Na ikiwa huduma si yako, kama vile unapochukua data ya maziwa kutoka kwa mfumo wa ushirika fulani ulioko Nakuru ambao huna ruhusa ya kuugusa, usihangaike na Replace upande wako pia. Lichanganue jibu la nje kama XML, chukua maandishi yaliyo ndani ya elementi ya string, kisha uyachanganue maandishi hayo mara ya pili kama hati inayojitegemea. Kichanganuzi kitakurudishia alama zote mahali pake, zikiwemo zile za afisa wa ufuo, bila wewe kubahatisha ni ipi ya kugeuza kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye huduma asibadilishe aina ya jibu ghafla. Programu za simu zilizozoea kuchanganua mara mbili zitashindwa siku zitakapopokea matawi badala ya maandishi. Kijana wa bei za samaki nilimshauri aiache methodi ya zamani ilivyo na kuongeza ya pili yenye jina jipya, kisha aiondoe ya kwanza pale kumbukumbu za seva zitakapoonyesha kwamba hakuna simu inayoiita tena.