Siku niliyoitoa i5 nikaweka i7 kwenye T430

Kipindi hicho naediti sana video za masomo na mashine yangu ni ThinkPad T430, laptopu ya 2012, ndani ina prosesa ya i5-3320M yenye kori mbili tu (kori ni kama wafanyakazi ndani ya prosesa), yani nikianza kurenda, kutoa video kamili baada ya kuediti, ndo basi tena, hata brauza haifunguki mpaka imalize. Ram nilishaongeza, SSD nilishaweka, iliyobaki ni prosesa yenyewe. Dada akawa ananiambia we kaka si uiuze tu ununue nyingine, mi sikutaka kusikia, ile kibodi naipenda mno na mashine yenyewe bado nzima kabisa.

Uzuri wake prosesa haijachomelewa kwenye bodi, inakaa kwenye soketi, unaitoa unaweka nyingine. Kwenye prosesa za Intel za laptopu raha hiyo iliishia kizazi cha nne, kuanzia cha tano zote zinachomelewa, inaniuma mpaka leo.

Nikachagua i7-3632QM. Wengi wanakimbilia zile i7 za wati 45, kwenye soketi zinaingia vizuri tu, ila chipu niliyokuwa nayo ni ya wati 35 na hitisinki, kile chuma cha kuipooza, ipo kwa ajili ya joto la kiasi hicho. 3632QM ina kori nne, thredi nane yani kazi nane kwa mpigo, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya chipu) MB 6 badala ya 3, na bado ni wati 35! Ukiangalia spidi ya kuanzia unaweza kuidharau, GHz 2.2 wakati ile ya zamani ni 2.6, lakini kurenda ni kazi inayogawanyika kwenye kori zote kwa hiyo spidi haikunisumbua. Kilichonipa presha ni kwamba chipu hii ilitoka ya pini na ya kuchomelea kwa jina lilelile, nikamwambia muuzaji anipigie picha ya upande wa chini nizione pini kwa macho yangu ndo nilipe.

Siku ya kazi nikaapdeti bayosi kwanza, ile programu inayoiamsha mashine, nikazima, nikatoa betri, kibodi, kava la sehemu ya viganja, halafu feni na hitisinki yake. Pesti, ile ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki, imekauka kama udongo wa kiangazi, nikaifuta taratibu kwa spiriti. Pembeni ya soketi kuna skrubu moja ya kufungia, unaizungusha nusu mzunguko kwa bisibisi bapa na chipu inalegea yenyewe. Nikalinganisha ile alama ya pembetatu kwenye kona, nikaiachia i7 ikae kwa uzito wake bila kuibonyeza hata kidogo maana pini moja ikipinda umeumia, nikafunga skrubu, tone dogo la pesti katikati, nikarudisha vyote.

Nikabonyeza pawa, skrini nyeusi, moyo unaenda mbio… ikawaka. Nikaingia bayosi nikakuta imeandikwa i7-3632QM, nikaita nyumba nzima waje waone hahaha.

Usiku huohuo nikarenda somo lililokuwa linakula karibu saa nzima, likatoka kwenye dakika 35 hivi na huku nasoma vitu kwenye brauza bila shida, joto halikuzidi la zamani, nadhani na pesti mpya ilichangia. Ile i5 nayo haikutupwa, jamaa yangu alikuwa na T430 ya i3, wikendi tukamfungia.