Chambo kilichobaki

Nimekulia kando ya mto Nzoia, na chambo chetu kilikuwa cha bure. Unachimba chini ya mgomba, pale mama anapomwaga maji ya vyombo, unaibuka na nyungunyungu mnene kama kidole. Hapa Minnesota, Marekani, wanauzwa. Wako kwenye kikopo cha plastiki, ndani ya friji ya kituo cha mafuta, rafu moja na maziwa.

Jumamosi samaki walitugomea. Nilibaki na nusu kikopo, nikaenda kuwamwaga msituni kwa roho safi kabisa, nikijua naurutubisha udongo. Mzee mmoja akanizuia. "Hao si wa hapa," akasema.

Nilidhani ni utani. Kumbe barafu iliyofunika huku ilipoondoka, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, iliacha ardhi isiyo na nyungunyungu hata mmoja. Wa leo wote asili yao ni Ulaya na Asia. Waliingia na udongo uliopakiwa melini ili kuzitia uzito na mizizi ya miche, kisha wavuvi wakawahamisha ziwa kwa ziwa. Wenyewe hawana mbio, mita 5 hadi 10 kwa mwaka.

Mzee alikuwa na unga wa haradali uliokorogwa kwenye maji. Akaumwaga mahali padogo kama sinia. Dakika mbili hazijaisha, wakaanza kuchomoza wakijinyonganyonga, mmoja, wanne, kumi na wawili. Tazama chini, akaniambia. Chini ya ile miti ya maple palikuwa peupe kama uwanja uliofagiwa. Majani makavu yanayotakiwa kulala kama godoro, miche ikichipua humo, yalikuwa yameliwa, vimebaki vikonyo tu vimerundikwa mdomoni mwa kila shimo.

Usiku nikasoma mpaka saa saba. Huyu wa kikopo ni Lumbricus terrestris, jina alilopewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. Mwaka 2010 vipimo vya DNA vilionyesha jina hilo limebeba spishi mbili, ikabidi lifufuliwe Lumbricus herculeus, jina alilolitoa mwanasayansi mwingine, Savigny, mwaka 1826. Kwa macho ni mtu na pacha wake. Aliyenitisha ni mwingine, Dendrobaena octaedra, mdogo, mkaaji wa majani. Huyo huzaa bila mwenzi. Akidondoka mmoja tu, msitu umepata ukoo.

Kikopo nilikifunga, nikakitia kwenye pipa la taka. Nikampigia mama kumsimulia. Akanyamaza kidogo, halafu: "Mwanangu, huko mnatupa nyungunyungu wazima?"