Tukawaangalie, wako hali gani

Bwana asifiwe wapendwa. Kiangazi cha huku Marekani ndo hicho kimefika, na familia kadhaa za ushirika wetu mshaanza kukodi motahomu, yale magari yenye vitanda na jiko na choo humo humo ndani, mnazunguka kusalimia ndugu kutoka Ohio mpaka Iowa mpaka Colorado. Basi wiki hii tusome Matendo 15:36. Paulo anamwambia Barnaba, haya, turejee sasa tukawaangalie hao ndugu katika kila mji tulipolihubiri neno la Bwana, wako hali gani.

Tukawaangalie. Hajataja mkutano mkubwa wala mchango. Na huyu Paulo ndo mtu wa barua kweli kweli, angeweza kukaa zake Antiokia akaandika yakaisha, lakini akafunga safari akapita Shamu na Kilikia mpaka Derbe na Listra, maana kuna mambo barua haisemi.

Wenye motahomu wanalijua hili kwenye gari lenyewe. Tairi zake mara nyingi haziishi kwa kutembea, zinaisha kwa kukaa. Gari limepaki uani miezi na miezi, jua linapiga upande uleule, uzito wote umelala pale pale, raba inakauka inaanza nyufa ndogo ndogo ubavuni na huku kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, bado nzima kabisa, ukiliona kwa mbali unasema hili jipya. Fundi mzuri anainama anasoma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, ukikuta 2318 ujue limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2018, na tairi la umri huo ataligomea hata kama halijaenda popote. Betri nayo ikiachwa bila chaji inajimaliza yenyewe, jenereta isipowashwa petroli inaganda kwenye kabureta. Panya ndo usiseme, wao wanahamia.

Na ndugu zetu tunawaacha hivo hivo. WhatsApp wanajibu tuko salama Mungu ni mwema, picha ya Krismasi wamevaa vitenge sare wamependeza, alafu ufike Des Moines kule Iowa ulale nao siku mbili ndo unajua baba anafanya shifti ya usiku kiwanda cha nyama, mama ya mchana, wanapishana mlangoni, na watoto hawakumbuki mara ya mwisho wamekula ugali wote mezani. Hao usiende kuwahubiria, jamani. Wachukue watoto jumamosi nzima waache wawili hao walale waamke waongee. Uzuri wa motahomu ni kwamba unakuja na kitanda chako humhangaishi mtu kutafuta magodoro, japo bibi zetu wangesema ni matusi mgeni kulala nje kwenye gari na ndani kuna nafasi, hilo muulizane mapema.

Mnaoenda milimani Colorado, barabara kuu ya I-70 ukitoka Denver unapanda mpaka handaki la Eisenhower Tunnel, kama mita 3,400 juu ya bahari, ukitokea upande wa pili ni mteremko mkali hadi Silverthorne na pembeni kuna njia za kokoto za kunasa malori yaliyokosa breki. Shusha gia kabla hujaanza kuteremka, usikanyage breki njia nzima maana zinachemka mpaka hazishiki. Na mafuta ya breki yananyonya unyevu hata gari likiwa limesimama tu, kwa hiyo kama hayajabadilishwa miaka mingi yabadilishwe kabla ya safari.

Endeleeni na mstari wa 37 hadi 39, hapo ndo huwa tunaruka. Hiyo safari ya kuangalia ndugu ilianza kwa ugomvi, Paulo hamtaki Marko aliyewahi kuwaacha njiani, Barnaba anamtaka, wakatengana kabisa kila mtu na njia yake, na Luka aliyeandika Matendo hakuficha. Baadaye sana, 2 Timotheo 4:11, Paulo huyo huyo anaagiza Marko aletwe, anamfaa kwa utumishi. Kwenye vikundi vya nyumbani alhamisi kila familia itaje ndugu mmoja ambaye wameachana naye hivo, tuone nani safari yake inapita karibu. Na anayepitia Des Moines anitafute kabla ya jumamosi, kuna mchele na dagaa wa kupeleka.