Holmes zote 60 kwa mpangilio: nimefika ya 26, na daftari limebadilika

Leo ni wiki ya 13 tangu nianze huu mradi wa kusoma Sherlock Holmes zote kwa mpangilio zilivyotoka, yaani riwaya 4 na stori fupi 56, na jana usiku nimemaliza ya 26, ile ya Desemba 1893 ambayo Holmes anapotelea kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi. Kwamba anarudi nilikuwa najua, nani asiyejua, ila nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu tu.

Kwa mlioanza kunifuatilia juzijuzi, sheria yangu ni moja. Nikifika pale Watson, rafiki wa Holmes anayetusimulia, anaposema haelewi kitu nasimama, nafungua daftari, naandika nani kafanya na kwa nini nadhani hivyo, alafu ndo naendelea. Mpaka sasa nimepatia kesi 5. Hiyo hesabu ndo nilikuwa naiona roho ya mradi wenyewe, sasa siioni tena hivyo, na kilichonibadilisha ni sahani ya chakula.

Ni kwenye Silver Blaze, ya 1892 (nafichua mwisho hapa, ambaye hajaisoma aruke aya hii). Farasi wa mbio kaibiwa usiku huko Dartmoor, mkufunzi wake kakutwa kafa kichwa kimepasuliwa, na kijana wa zamu bandani alilazwa na kasumba iliyotiwa kwenye chakula chake. Polisi wameshamkamata mgeni aliyepita pale jioni. Watu wanaikumbuka hii kesi kwa sababu ya mbwa ambaye usiku ule hakubweka, manake aliyeingia alikuwa anamjua, na ni kweli hiyo sehemu ni tamu sana, lakini mimi safari hii nimekwama kwenye nyama ya kondoo. Ilipikwa na bizari. Kasumba ina ladha yake, ukiitia kwenye chakula cha kawaida mlaji ataisikia mdomoni, ila bizari inaificha, sasa yule mgeni angejuaje kwamba usiku huohuo aliokuja yeye nyumba ile ingepika bizari? Asingejua. Kwa hiyo atafutwe mtu mwenye sauti kwenye nyumba ile juu ya kinachopikwa, na hapo mgeni ametoka, mwenye nyumba, yaani mkufunzi mwenyewe, ameingia. Nikarudi nyuma kutafuta bizari imetajwa wapi mara ya kwanza, na ipo waziwazi, mapema kabisa, msichana wa kazi anampelekea kijana chakula chake usiku, kashika taa kwa sababu njia ina giza. Hiyo sentensi nimeshaipita mara tatu maishani mwangu bila kuigusa.

Na jibu nilikuwa nalo kichwani muda wote! Hapo ndo nimeelewa kwa nini hizi stori hazichuji. Stori inayoishi kwa siri peke yake ukishaijua siri umeimaliza, hizi ukishaijua siri ndo unaanza kuona jinsi ulivyowekewa kila kitu mbele yako. Si zote lakini, kuna kesi Holmes anatoka peke yake anarudi na jambo ambalo Watson hakuliona na sisi hatukuonyeshwa, na hizo nikizirudia zinapoa haraka.

Kwenye stori fupi ya kwanza kabisa, ya 1891, Holmes anamuuliza Watson ngazi za nyumba yao zina vidato vingapi. Watson kazipanda mara mamia na hajui. Ni 17. Hapo Watson ni mimi, kabisa, na nadhani bila yeye Holmes asingefika popote. Ndo maana hata Muhammed Said Abdulla alipomuumba mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake akamweka Najum pembeni, lazima awepo mtu wa kushangaa kwa niaba yetu.

Jeraha la Watson linaendelea kunisumbua pia. Kwenye riwaya ya kwanza, 1887, risasi ilimpiga begani, kwenye ya pili anauguza mguu. Alafu stori moja mke wake anamwita James wakati yeye ni John. Conan Doyle, mwandishi wa Holmes, alikuwa anaandika mbio, na mimi makosa haya nayapenda kwa dhati, yananipa kitu cha kukagua.

Basi daftari nimelipanga upya. Safu ya "nani kafanya" nimeifuta, sasa kuna "kilitajwa wapi" na "kwa nini nilikipita". Kwenye bizari nimeandika: nilidhani ni chakula tu.

Jumamosi naanza ya 27, The Hound of the Baskervilles. Najua kuna viatu vinapotea hotelini, kwanza kipya, alafu kikuukuu, na najua kwa nini. Nataka nione vimetajwa kwenye sentensi ya namna gani.