Kwani ulibeba nini?

Ndivyo wifi alivyoniuliza Jumanne kwenye simu, aliposikia nimetokwa damu na mimba hii, hata salamu hazijaisha. "Kwani ulibeba nini?" Nikamwambia, "Sikubeba kitu, wifi." Akasema, "Mh."

Hiyo "mh" imenikaa kooni. Nikioga ninayo, nikilala ninayo. Mdogo wangu kaolewa Jumamosi bila mimi, Baba Imani kaletewa barua ya uhamisho wa Dodoma, mimi bado niko na "mh".

Jamani, sikubeba kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mchicha, nikahisi unyevu. Kwenda chooni, matone ya damu, nyekundu mbichi, na tumbo haliumi hata kidogo. Nilipiga ukelele hadi jirani akaja na upawa mkononi.

Hospitali daktari alikataza nisipimwe kwa vidole mpaka ultrasaundi ionyeshe kondo la nyuma limekaa wapi. Limekaa chini, sentimita 1 tu kutoka mlango wa kizazi. Wao wanataka zifike 2 au zaidi. Akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara: mimba inavyokua, sehemu ya chini ya mfuko inavutika, na kondo lililojishikiza hapo linaachia kidogo ukingoni. Ndipo damu inapotoka. "Hata ungelala kutwa kitandani ingeweza kutoka," alisema.

Kwa nini hakuyasema hayo Jumatatu, nikayapata ya kumjibu wifi! Nimeshatunga na jibu langu mwenyewe: "Nimebeba mtoto wa kaka yako." Tamu, eti? Lakini nimelelewa Tanga mimi, maneno kama hayo yananiishia kifuani.

Basi jana nasikia hodi, wifi huyo, bila taarifa, na mfuko wa pedi na machungwa. "Nimesikia mnatakiwa watu wa kuchangia damu, wawekwe tayari. Mimi ni O kama wewe. Na shemeji yako nimeshamwambia." Pole hakutoa. La simu hakuligusa. Akaingia jikoni, akaanza kusugua sufuria huku akiuliza nani kaiunguza. Nilipoinua birika nimimine chai akanipokonya kwa nguvu hadi ikamwagika. "Weka chini hiyo!" Birika la vikombe viwili! Nilicheka mpaka nikashika tumbo, naye akacheka, na bado ile "mh" sijaisamehe.

Wiki ya 32 nitapimwa tena. Wengi kondo linakuwa limeshapanda, ndivyo nilivyoambiwa. Hadi hapo hakuna safari ndefu, hakuna tendo la ndoa, damu ikitoka tena ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana.

Ila kuna hili la vifaranga. Baba Imani anaapa kwamba juzi aliwapa chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa kuku, kwenye maji. Leo nimefungua friji, chupa ipo, haijafunguliwa. Sasa aliwapa nini?